Kunasa mabaki ya dawa kwenye majitaka kwa chembe nano za sumaku: mwongozo kwa maabara ndogo ya Dar es Salaam

Mtu akimeza sipro, yaani siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, karibu nusu ya dawa hutoka kwenye mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Amoksilini hupita hata kiasi hicho. Kutoka hapo dawa inaanza safari: shimo la choo, gari la kunyonya majitaka, mabwawa ya Vingunguti, kisha Mto Msimbazi, na kando ya mto kuna bustani za mchicha zinazomwagiliwa kwa maji hayohayo. Mabwawa ya majitaka yalijengwa ili uchafu uoze na vimelea vife kwa jua na kwa muda. Molekuli ya dawa iliyokwisha kuyeyuka haizami chini wala haizuiwi na mchanga. Baadhi huliwa na bakteria, nyingine hupita kama zilivyo. Na zinapopita kwa kiasi kidogo kisichotosha kuua bakteria, ndipo bakteria wanapopata nafasi ya kuzizoea. Usugu wa dawa hauanzii wodini peke yake.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi wenye maana, fundi sanifu wa maabara, au mhandisi wa kituo cha afya anayejiuliza maji ya sinki na vyoo vya wodi yafanyiwe nini kabla hayajaingia bombani. Si mwongozo wa kutengeneza maji ya kunywa. Maji utakayoyasafisha kwa njia hii yanabaki kuwa majitaka, ila yamepungukiwa dawa.

Na nitasema mapema jambo ambalo hatua zote zitalisimamia: chembe nano usiyoweza kuitoa kwenye maji ni uchafu mpya ulioongeza kwa mkono wako. Ndiyo maana nimechagua chembe za sumaku zilizoshikizwa kwenye makaa ya vifuu vya nazi. Zipo chembe nyingine zenye sifa kubwa, na titani dioksidi ndiyo maarufu kuliko zote: ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huvunjavunja dawa badala ya kuinasa tu. Lakini unga wake mweupe ukishatawanyika kwenye ndoo, kuurudisha ni shida kubwa, na sehemu ya urujuanimno katika jua ni ndogo, kama asilimia 5 hivi. Kwa maabara yenye vifaa vichache, sumaku inashinda.

Kwa nini nano, na kwa nini makaa

Chembe nano ni ile yenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Nanomita milioni moja ndiyo milimita moja. Faida yake ni eneo la nje. Nazi ikiwa kipande haitoi tui la maana. Ikishakunwa inatoa, kwa sababu maji yamepata mahali pengi pa kugusa. Gramu moja ya magnetaiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, yenye chembe za nanomita 10 ina eneo la takriban mita za mraba 100. Makaa yaliyoamilishwa vizuri, yaani yaliyofunguliwa vitundu vidogo kwa kemikali au joto, yana zaidi: kati ya mita za mraba 500 na 1,500 kwa gramu, sehemu kubwa ikiwa ndani ya vitundu vyake.

Magnetaiti peke yake huwa na ubaguzi. Inashika vizuri siprofloksasini na tetrasaiklini kwa sababu dawa hizo zina mikono ya kikemia inayokamata chuma. Mfamasia anapokuonya usimeze sipro au tetrasaiklini pamoja na vidonge vya kuongeza damu, sababu ni hiyohiyo: chuma na dawa hushikana tumboni na dawa haiingii mwilini. Kwenye majitaka kero hiyo inageuka kuwa msaada. Lakini paracetamol, karbamazepini ya wagonjwa wa kifafa na salfamethoksazoli iliyomo kwenye Septrin haziijali sana magnetaiti. Hizo zinanaswa na makaa. Ukiunganisha viwili hivyo, makaa yanashika dawa nyingi na magnetaiti inakupa mpini wa kuvuta kila kitu kutoka majini.

Hatua ya kwanza: chagua dawa moja na maji yako

Usianze na dawa kumi. Anza na siprofloksasini. Inatumika sana mjini, inapimika kwa spektrofotomita ya kawaida ya urujuanimno, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na maji yenye dawa (inanyonya zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 276, na hapo ndipo kilele chake), na haiozi haraka gizani. Ukishaimudu, ongeza karbamazepini (nanomita 285) au paracetamol (nanomita 243), uone tofauti.

Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango ni muhimu sana kimazingira, lakini si za kuanzia. Nchini Kanada, kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti walitia homoni ya ethinilestradioli kwenye ziwa dogo la majaribio kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiwango hicho kinahitaji mashine ambazo maabara ndogo haina.

Kuhusu maji, utahitaji ya aina mbili: maji safi ya maabara kwa majaribio ya mwanzo, na baadaye majitaka halisi. Kwa ya kwanza, maji yaliyotoneshwa ni bora. Ukikosa, yale maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanaweza kufaa, ilimradi usome chupa vizuri usije ukabeba asidi ya betri. Maji ya bomba ya Ruvu yana klorini na madini, kwa hiyo yaache kwa sasa.

Kemikali za viwandani nchini ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Fanya kazi hii ndani ya maabara inayotambulika, chini ya msimamizi, na si jikoni kwako.

Hatua ya pili: makaa ya vifuu

Vifuu havina uhaba Dar es Salaam. Wauza tui sokoni wanavitupa kwa magunia, na ukimsalimia mama vizuri na kumweleza unachofanya atakuwekea. Chagua vikavu, vya nazi zilizokomaa. Kwangua nyuzi zote za kumbi na mabaki ya nyama ya nazi, osha, anika juani hadi vikauke kabisa. Mafuta ya nazi yakibaki yataziba vitundu vya makaa.

Vunjavunja, saga, chekecha. Unga uwe laini kama mchanga wa pwani uliochekechwa, usiwe vumbi jepesi linalopeperuka. Kisha loweka kwenye asidi ya fosforiki usiku kucha, uzito wa asidi ukiwa sawa na uzito wa unga au mara mbili yake. Kausha kwenye oveni nyuzi 105. Funika kwenye chombo cha kauri, weka kwenye tanuru la maabara kwa nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Mlango wa tanuru usifunguliwe kabla halijapoa. Makaa ya moto yakikutana na hewa yanakuwa majivu.

Baada ya hapo ni kuosha, na kuosha, na kuosha tena kwa maji ya moto hadi maji yanayotoka yafike pH ya 6 au 7. Hapa ndipo subira inahitajika. Fosfeti ikibaki ndani itakwenda kukaa juu ya magnetaiti, mahali ambapo ungetaka dawa ikae. Kausha, tunza kwenye chupa yenye mfuniko.

Kama hakuna tanuru, nunua makaa yaliyoamilishwa ya unga kwa wauzaji wa vifaa vya kusafisha maji. Makaa ya kupikia ya gunia hayafai kuwa mbadala. Eneo lake la nje ni dogo na majivu yake yanapandisha pH ovyo.

Hatua ya tatu: kupanda magnetaiti juu ya makaa

Hii ndiyo hatua tamu kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama sumaku itafanya kazi. Kemia yake ni fupi: ioni mbili za chuma cha feriki (chaji tatu chanya) na moja ya chuma cha ferasi (chaji mbili chanya), zikikutana na alkali ya kutosha, hujenga magnetaiti. Uwiano wa mbili kwa moja ndio ufunguo.

Pima gramu 5.4 za feriki kloridi yenye maji sita na gramu 2.8 za ferasi salfeti yenye maji saba. Viyeyushe kwenye mililita 200 za maji yaliyochemshwa kwanza kisha yakapoa kwa kufunikwa. Kuchemsha kunafukuza oksijeni. Kama maabara ina mtungi wa naitrojeni, pitisha gesi hiyo majini muda wote wa kazi. Angalia ferasi salfeti yako kabla hujapima: nzuri ni ya kijani hafifu kama maji ya bahari ya Kigamboni asubuhi. Ikiwa ya manjano au kahawia, imekwisha kushika oksijeni na uwiano wako utavurugika. Wengine huuliza kama vidonge vyekundu vya kuongeza damu vinaweza kutumika badala yake. Visitumike: vina rangi, vina foliki asidi, na vinahitajika kwa mama mjamzito kuliko kwenye bika yako, ile bilauri ya maabara.

Ongeza gramu 4.6 za makaa, koroga nusu saa ili chuma kiingie kwenye vitundu. Pasha hadi nyuzi 70. Sasa andaa kostiki soda, ileile wanayotumia watengeneza sabuni ila ya maabara: gramu 8 kwenye mililita 100 za maji. Chombo kitapata moto chenyewe, kwa hiyo tia soda kwenye maji na kamwe usimwage maji juu ya soda. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Dondosha polepole huku mkorogo ukiendelea.

Mwanzoni mchanganyiko ni wa rangi ya kutu. Makaa meusi yanaficha mabadiliko, hivyo mara ya kwanza nashauri ufanye kundi dogo bila makaa ili ulione jambo lenyewe: rangi ya chungwa inakuwa kahawia, kahawia inakuwa kahawa nzito, halafu ghafla, pH ikipita 9 hivi, nyeusi tii. Ukisogeza sumaku kwenye ukuta wa bika, weusi wote unajikusanya upande mmoja na kusimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Ikibaki kahawia, hewa imeingia nyingi mno au ferasi ilikuwa imeharibika.

Endelea hadi pH ifike 10 au 11. Kwa vipimo hivi utatumia takriban mililita 40 za kostiki, na kidogo zaidi kumalizia. Koroga kwa saa moja katika nyuzi 70 zilezile. Utapata takriban gramu 2.3 za magnetaiti juu ya gramu 4.6 za makaa, yaani theluthi moja ya sumaku kwa theluthi mbili za makaa.

Sumaku ya kufanyia kazi hii ipo Kariakoo. Mafundi wa kompyuta wana diski kuu zilizokufa, na ndani ya kila moja kuna sumaku za neodimiamu, nyembamba, zenye umbo la mwezi mchanga, zenye nguvu kupita sumaku ya spika mara nyingi. Mwombe fundi akufungulie. Ziweke mbali na simu na kadi ya benki, na usiziache mbili zikutane kidole chako kikiwa katikati.

Osha chembe kwa kuzishikilia na sumaku nje ya bika huku ukimwaga maji ya juu, tena na tena, hadi pH irudi karibu na 7. Maji ya juu yakitoka na weusi, usiyamwage sinkini: hiyo ndiyo sehemu isiyovutika. Ikusanye pembeni kwenye chupa ya taka. Chembe zako zihifadhi zikiwa zimelowa kwenye maji, na ukaushe kidogo tu, nyuzi 60, kwa ajili ya kujua uzito. Unga mkavu wa nano unaingia mapafuni, hivyo hata hicho kidogo kishike ukiwa na barakoa ya N95 na feni ikiwa imezimwa.

Hatua ya nne: mstari wa vipimo

Siprofloksasini safi ya kiwango cha maabara ni bora. Ukitumia kidonge, kisage, kiyeyushe kwenye maji yenye matone ya asidi ya hidrokloriki, chuja ule unga wa kujazia, na kumbuka kwamba maandishi ya miligramu 500 ni ya dawa yenyewe, siyo ya uzito wa kidonge. Kidonge kimoja kwenye lita nusu ni miligramu 1,000 kwa lita. Mililita 10 za hiyo kwenye lita moja ni miligramu 10 kwa lita. Funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu, maana mwanga wa dirishani unaivunja sipro na utadhani chembe zako zimefanya kazi ambayo hazikufanya.

Tengeneza miyeyusho ya miligramu 1, 2, 5, 10, 15 na 20 kwa lita, yote katika pH moja ya 7, soma kila mmoja kwenye nanomita 276, chora mstari. Kuveti, yaani kichupa cha kuwekea sampuli kwenye spektrofotomita, iwe ya kwatzi. Plastiki na kioo cha kawaida hunyonya urujuanimno. Mstari usiponyooka, rudia kabla ya kwenda mbele. Kila namba utakayoandika baadaye inasimama juu ya mstari huu.

Hatua ya tano: jaribio lenyewe

Kwenye chupa weka mililita 100 za myeyusho wa miligramu 10 kwa lita. Ongeza chembe zenye uzito mkavu wa gramu 0.1. Tikisa kwa kasi isiyobadilika. Chukua sampuli ndogo kwenye dakika ya 5, 10, 20, 30, 60 na 120, vuta chembe kwa sumaku, kisha pitisha maji kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Kichujio nacho kinanasa dawa, kwa hiyo mililita za mwanzo zimwage kwenye chupa ya taka, usome zinazofuata.

Hesabu ni nyepesi. Kama ulianza na miligramu 10 na zimebaki 1.5, umeondoa asilimia 85. Uwezo wa chembe ni kiasi kilichonaswa, miligramu 8.5 kwa lita, mara ujazo wa lita 0.1, gawanya kwa gramu 0.1: miligramu 8.5 kwa kila gramu ya chembe. Asilimia peke yake hainishawishi. Mtu akitia chembe nyingi kwenye dawa kidogo atapata asilimia 99 siku yoyote. Uwezo kwa gramu ndio unaosema ukweli, na ndio utakaokuambia kituo cha afya kitahitaji kilo ngapi.

Kila jaribio liende na chupa mbili za ulinganisho. Moja ina dawa bila chembe: ikipungua, dawa inashika kwenye chupa au inavunjwa na mwanga. Nyingine ina chembe bila dawa: makaa ambayo hayakuoshwa vizuri hutoa vitu vinavyonyonya mwanga palepale kwenye nanomita 276 na kuficha ushindi au kuutia chumvi. Fanya kila kitu mara tatu.

Ukimaliza, badilisha pH: 4, 5, 6, 7, 8, 9. Siprofloksasini ina chaji chanya chini ya pH 6 hivi, na chaji hasi juu ya 9. Katikati, karibu na 7.4, inabeba zote mbili. Magnetaiti nayo hugeuza chaji yake karibu na pH 6.5 hadi 7. Vitu vyenye chaji sawa husukumana, kwa hiyo mara nyingi utaona kunasa kukiwa kuzuri zaidi katikati na kushuka pembeni. Majitaka mengi ya majumbani yako kati ya 6.5 na 8.5. Hiyo ni bahati yetu.

Hatua ya sita: maji halisi

Ukifika hapa na chembe zako zikafanya vizuri kwenye maji safi, umefika nusu ya njia. Makala nyingi huishia hapo, na ndiyo sababu chembe nyingi zinazosifiwa hazijawahi kutoka maabara.

Pata kibali kwanza. Mabwawa yana mwenyewe, na hospitali ina uongozi. Chukua sampuli kwa chupa za kioo cha kahawia, jaza hadi juu, weka kwenye barafu, zipime ndani ya siku hiyo au ya pili yake. Vaa buti na glavu ndefu. Andika tarehe, saa na hali ya hewa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, Msimbazi ukifurika Jangwani, dawa yote imezimuliwa na mvua na tope limejaa. Kiangazi cha Agosti ni maji mengine kabisa. Na ukichukulia karibu na daraja la Salenda, tazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, la sivyo utakuwa umepima Bahari ya Hindi.

Mambo matatu yatakukabili. La kwanza ni uchafu wa kikaboni: mboji, sabuni, mabaki ya chakula, vyote vinagombania nafasi juu ya makaa, navyo ni vingi kuliko dawa mara maelfu. La pili ni kalsiamu na magnesiamu, ambazo huikamata siprofloksasini kabla chembe zako hazijaifikia. Visima vya pwani vilivyoingiliwa na chumvi vina hayo kwa wingi. La tatu ni upimaji: kwenye majitaka, nanomita 276 inanyonywa na kila kitu, na dawa iliyomo ni mikrogramu au nanogramu kwa lita. Spektrofotomita haikufai tena. Tafuta mashine ya kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha vitu vilivyoyeyuka, ikiwezekana yenye kipimatungamo, kinachotambua molekuli kwa uzito wake, kwenye chuo kikuu au maabara ya serikali. Kama huwezi kuipata, tia dawa unayoijua kwa kipimo kwenye majitaka yaliyochujwa, linganisha na majitaka yaleyale yasiyotiwa dawa, na useme wazi kwenye ripoti kwamba ndivyo ulivyofanya.

Ili kupunguza ugomvi, maji yatuame usiku kucha, yapite kwenye mchanga, ndipo yakutane na chembe. Chembe nano zisifanye kazi ambayo mchanga unaiweza. Mtanzania Askwar Hilonga, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa kichujio chake cha nano cha maji ya kunywa, naye aliuweka mchanga kwenye kichujio hicho pamoja na nano.

Kwa ndoo ya lita 20 utahitaji gramu 20 za chembe, ukibaki kwenye gramu moja kwa lita. Koroga saa moja. Usitegemee kubandika sumaku nje ya ndoo: nguvu ya sumaku inapungua haraka mno kwa umbali, na chembe za katikati hazitaihisi. Pitisha maji polepole kwenye bomba jembamba la plastiki lililojazwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu za kusugulia masufuria, sumaku zikiwa zimepangwa nje ya bomba. Jaribu nyuzi hizo kwa sumaku dukani kabla ya kununua, kwani nyingine hazivutiki. Kila uzi ukishapata usumaku unakuwa mtego. Ukitaka chembe zako, ondoa sumaku za nje na usukume maji kinyume. Chembe zikiwa ndogo kiasi hiki hazing'ang'anii usumaku baada ya sumaku kuondoka, hivyo nyingi zinaachia.

Hatua ya saba: hakikisha chembe zimetoka

Jaza bilauri ya kioo maji uliyoyasafisha, nyingine maji yaliyotoneshwa. Zima taa, pitisha mwanga wa leza ya kalamu kwenye zote mbili. Kwenye maji safi mwale hauonekani ndani. Ukionekana kama uzi mwekundu, kuna chembe zinaelea. Kipimo hiki hakisemi ni chembe za aina gani, lakini kinakataza kujidanganya.

Halafu pima chuma. Chukua sampuli ambayo haijachujwa, iongezee asidi ya hidrokloriki na kuipasha ili chembe ziyeyuke, geuza feriki yote iwe ferasi, kisha tumia fenanthrolini, inayotoa na ferasi rangi ya chungwa inayosomeka kwenye nanomita 510. Linganisha na chuma kilichokuwepo kabla ya kutia chembe. Juu ya miligramu 0.3 kwa lita chuma huanza kuharibu ladha ya maji na kutia madoa nguo nyeupe. Kwangu mimi, hata kwenye majitaka, ongezeko la kufikia hapo lina maana kwamba bomba la sumaku halijatosha. Ongeza sumaku au punguza kasi ya maji.

Hatua ya nane: dawa iliyonaswa iende wapi

Kunasa hakuangamizi dawa. Imehama tu kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye kijiko cha unga mweusi, na unga huo sasa una dawa nyingi kwa gramu kuliko maji yalivyokuwa nayo.

Chembe zikichoka, zioshe kwa kostiki soda nyepesi, gramu 4 kwa lita, kwa muda wa saa moja. Siprofloksasini itaachia kwa sehemu kubwa. Makala nyingi hupendekeza ethanoli, nayo inatoa dawa vizuri, lakini inaharibu hatua inayofuata: ethanoli inakula radikali huru zilezile, yaani vipande vya molekuli vyenye pupa ya kushambulia vingine, unazozihitaji kuvunja dawa. Ndiyo maana nabaki na kostiki. Pima uwezo baada ya kila uoshaji. Utakuwa unashuka, na wewe utaamua ushuke hadi wapi kabla ya kutengeneza kundi jipya.

Maji ya kuoshea, ambayo ni machache na yamekolea, yashushe pH hadi 3 kwa asidi ya salfuriki, tia ferasi salfeti kidogo, kisha peroksidi ya hidrojeni kwa matone. Hii ni mbinu ya Fenton: chuma na peroksidi huzaa radikali huru za hidroksili zinazokatakata molekuli ya dawa. Chombo kisifungwe, maana gesi inatoka, na peroksidi ya asilimia 30 inaunguza ngozi hapohapo. Iache kwa saa kadhaa hadi peroksidi iishe, pandisha pH hadi 8, tope la kahawia litazama.

Kilele cha nanomita 276 kikipotea, usiamini mara moja. Molekuli inaweza kuwa imevunjika vipande na kipande kimoja bado kinaua bakteria. Wenzetu wa maabara ya vimelea wana kipimo rahisi: kijikaratasi kilicholoweshwa maji hayo, ambayo pH yake imekwisha kurudishwa 7, kinawekwa kwenye sahani ya agari (jeli ya kukuzia vimelea) yenye bakteria wasio na usugu. Baada ya usiku mmoja, duara tupu likitokea kuzunguka karatasi, dawa bado iko hai na Fenton irudiwe.

Unga uliochoka kabisa, tope la chuma, na ile chupa ya weusi usiovutika vihesabike kama taka za dawa. Vifunge kwenye chombo kisichovuja, andika jina la dawa, tarehe na neno NANO kwa herufi kubwa, vipelekwe pamoja na dawa zilizoisha muda kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali lenye vyumba viwili, linalofika nyuzi 850 au zaidi, kwa utaratibu unaosimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Visichanganywe na taka za kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Maji yaliyosafishwa yarudi kwenye bomba la majitaka yalikotoka, siyo kwenye mtaro wa mvua, maana mtaro wa mvua wa Dar es Salaam unaishia mtoni au baharini bila kupita popote pa kusafishwa.